Chafya ya Mzee Nkwabi

Kulikuwa na wakati ambapo mbwa mwitu hakujua kupiga chafya. Mwenyezi Mungu alikuwa amempa pua kama alivyompa kila kiumbe, tena pua njema kuliko nyingi, lakini mbwa mwitu aliitumia kunusia tu. Kitu kikimwasha humo ndani alikivumilia mpaka kipoe chenyewe.

Siku hizi ni mambo mengine. Atakayelala porini karibu na kundi lao atawasikia alfajiri: mmoja anapiga chafya, anafuata wa pili, kisha wanapokezana huku na huku, na chafya zikitosha wote wanainuka kwa pamoja na kwenda mawindoni. Zisipotosha wanajilaza tena, hata kama wana njaa. Wengi waliosikia wamesema ni vumbi. Vumbi lilikuwamo, hatukatai, lakini halikuwa peke yake. Chafya ile ina mzee ndani yake, mzee aliyekalia nafasi mpaka nafasi ikamkalia yeye, na ina mama mmoja aliyemweka hapo mwaka hadi mwaka kwa kidevu chake mwenyewe. Sikilizeni ilivyokuwa.

Katika pori la miyombo, kando ya mto ambao ulikuwa mchanga mtupu isipokuwa wakati wa masika, liliishi kundi kubwa la mbwa mwitu. Walikuwa kama tunavyowajua: madoa meusi, meupe na ya manjano yaliyomwagwa bila mpango, masikio mapana ya duara, na ncha ya mkia nyeupe. Kiongozi wao aliitwa Mtangulizi, na kazi yake ilikuwa kutangulia. Yeye ndiye aliyechagua upande wa kuwinda na kukimbia mbele, na nyama ikishaanguka, yeye ndiye aliyekula wa kwanza. Nyuma yake kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kula, na zamu hizo ziliheshimiwa kama amri.

Kila mwaka, kiangazi kikielekea mwisho, walikutana alfajiri penye kichuguu kirefu ili kumchagua Mtangulizi. Kura yao ilikuwa kura ya kidevu. Mtangulizi alipanda juu ya kichuguu akawatazama. Aliyemtaka aendelee alijilaza na kuweka kidevu mavumbini. Aliyetaka mwingine alibaki amesimama.

Walioianzisha desturi hiyo hawakuwa na nia mbaya, lakini tazameni ubaya wake. Anayelala anapotea kati ya waliolala. Anayesimama anaonekana na kundi zima, na wa kwanza kumwona ni yule aliye juu ya kichuguu. Basi kila mmoja alitupa jicho pembeni kwanza aone jirani anafanyaje, na jirani naye alikuwa akimtupia yeye jicho, na katika kutazamana huko magoti yalilegea, wakajikuta wote wako chini. Tusiwacheke. Ni nani kati yetu ambaye magoti yake hayajawahi kulegea mbele ya watu?

Mtangulizi wa siku hizo alikuwa Mzee Nkwabi. Ujanani hakuwa na mfano. Aliweza kumfukuza nyumbu tangu umande mpaka jua kali na bado akabaki na pumzi ya kuwaita wenzake. Fisi walipolijia kundi, yeye ndiye aliyesimama mlangoni pa pango. Sifa hizo zilikuwa za kweli, na ukweli wake ndio uliokuja kuwa mzigo. Kwa maana meno yalikwisha, sikio moja likaziba, na pua ile iliyokuwa ikinusa swala ng'ambo ya kilima ikawa hainusi hata swala aliyelala kwenye nyasi mbele yake. Lakini alikuwa bado Mtangulizi, na bado alitangulia. Aliwapeleka kila siku kwenye mabonde yale yale ya ujana wake, ambako nyasi zilikuwa zimekauka na wanyama wamehama zamani. Wakifika alisimama akasema, "Hapa hapakosi kitu." Nao waliangalia mavumbi, wakaitikia kwamba kweli hapakosi.

Siku moja aliwanyatisha kwa muda mrefu, matumbo yakigusa ardhi, mpaka wakakifikia kichuguu alichodhani ni nyumbu. Kundi zima likakizunguka. Mpwa wake Mhoja, ambaye kazi yake ilikuwa kumsifu mjomba na kula wa pili, alisema hajapata kuona mzingo uliofungwa vizuri namna ile. Waliporudi, mmoja alinong'ona kwamba angalau leo nyama haikukimbia. Walicheka chinichini, wakalala na njaa.

Mngewauliza kwa nini hawakusimama siku ya kura, kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna iliyokuwa ya kipumbavu. Mmoja alisema siku baba yake alipouawa na simba, Mzee Nkwabi alikuja kukaa naye mpaka kilio kikaisha. Mtu wa namna hiyo utasimamaje kumkataa? Mwingine alisema huyu tunamjua kasoro zake, ajaye hatumjui. Wa tatu alikuwa na zamu nzuri ya kula na aliogopa kwamba Mtangulizi mpya angezipanga upya. Wengine walisema ni yeye tu anayejua mahali pa kuchimba maji mtoni. Vijana ndio hawakuwa na sababu kabisa. Hawakuwahi kuona mwingine juu ya kichuguu, wakadhani Mtangulizi ni jina alilozaliwa nalo.

Kati yao alikuwapo mama mmoja aitwaye Nyamizi, aliyechechemea kidogo mguu wa nyuma. Yeye sababu yake ilikuwa huo mguu. Alipokuwa msichana, katikati ya mbio, alitumbukia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga akavunjika mguu. Kundi lilitaka kuhama kufuata wanyama. Nkwabi, wakati huo akiwa na nguvu zake zote, alijilaza kando ya msichana yule akasema watahama atakapoweza kusimama. Walinung'unika, wakakonda, lakini walingoja. Nyamizi akapona. Tangu hapo, kila siku ya kura alikuwa wa kwanza kuweka kidevu mavumbini, akijiambia moyoni, "Hiki ni cha mguu wangu." Aliiita shukrani. Na ilikuwa shukrani, ila ndani yake mlikuwa na woga kidogo pia, na hilo hakujiambia.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali kuliko vyote walivyovikumbuka. Moto ulipita porini ukaacha majivu kila mahali. Nyamizi alikuwa na watoto pangoni, wadogo, macho yamefunguka siku si nyingi, na maziwa yake yalikuwa yamekauka. Kila jioni aliporudi walimkimbilia na kumlamba midomo, kama watoto wa mbwa mwitu wafanyavyo, wakingoja mama awatapikie nyama aliyoibeba tumboni. Hakuwa na kitu cha kutapika. Jioni moja walitoka kumlaki wote isipokuwa kitindamimba. Alimkuta ndani amejikunja, anamtazama tu, hana nguvu ya kuja mlangoni. Nyamizi akaelewa kwamba kundi likienda tena kwenye mabonde yale yale, atawazika wanawe mmoja mmoja, akianza na huyu.

Alimwendea Kabula, binti mmoja mwenye pua kali kuliko wote, aliyekuwa akisema mara kwa mara kwamba harufu ya swala inatoka ng'ambo ya mto wa mchanga, ambako mvua ya mapema imenyesha. Kabula alikuwa amekwisha kulisema hilo mbele ya Mhoja, na Mhoja akamjibu kwamba meno yake bado yananuka maziwa, na kwamba kundi halijawahi kuongozwa na upepo. Sheria ilikuwa wazi: hakuna aliyeruhusiwa kutangulia isipokuwa Mtangulizi. Kabula akamwambia Nyamizi kwa masikitiko, "Mama, ninyi wakubwa ndio mnaolala. Mimi peke yangu nikisimama, nitakuwa mti tu wa kukojolewa."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Akaenda kwa Mzee Nkwabi mwenyewe, siku moja kabla ya kura. Alimkuta amelala kivulini peke yake, Mhoja akiwa ameenda kunywa maji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mguu haujambo?"

"Haujambo, Mzee. Nimekuja kwa ajili ya watoto."

Mzee akasema jambo ambalo Nyamizi hakulitarajia. Alimwambia kwamba anajua. Anajua kwamba Mhoja anapomsifu anadanganya, na kwamba harufu ya swala hajaisikia tangu masika. Akisimama mbele ya kundi na kugeuza kichwa huku na huku, hachagui upande, anatafuta tu, kama mtoto anavyotafuta titi gizani.

"Basi kwa nini usishuke, Mzee wangu?"

Nkwabi aliinua pua akaielekeza kwenye kichuguu kifupi, kilichomomonyoka, mbali kidogo na kile kirefu. "Pale ndipo alipobaki mama yangu," akasema.

Akamsimulia. Kabla yake, Mtangulizi alikuwa mama yake. Miguu ilipomwisha alishuka kwa hiari yake, akasifiwa, akalambwa uso na kundi zima. Kesho yake nyama ikaanguka, na katika safu ya walaji hakukuwa na zamu ya mtu aliyeshuka. Haikuwapo tangu mwanzo. Kila Mtangulizi aliyemtangulia mama huyo alikuwa amefia juu. Nkwabi, wakati huo kijana mpya wa mbele, alimwambia mama yake, kaa hapa kwenye kichuguu hiki, nitakuletea.

"Nikala wa kwanza, maana ndiyo ilikuwa haki yangu," alisema Nkwabi. "Nikashiba. Nikapita karibu yake nikikimbia mbele ya wenzangu, nikasema moyoni, kesho. Na kesho yake nikasema kesho. Aliahidiwa, Nyamizi. Na aliyemwahidi ni mimi. Sasa niambie, nikishuka niende wapi?"

Nyamizi alikitazama kichuguu kile kifupi. Alikuwa amekuja kumhukumu mzee, na badala yake akajiona mwenyewe. Kumbe kundi lile lilikuwa limempa mzee sehemu mbili tu za kukaa, kichuguu kirefu au kichuguu kifupi, kisha likashangaa kwa nini hashuki. Wao wenyewe walikuwa wakimweka juu kwa videvu, na wao wenyewe walikuwa wamehakikisha kwamba chini hakuna chakula. Aliondoka, akaingia porini peke yake ingawa mguu ulimuuma.

Mungu alimjalia sungura. Kwa mbwa mwitu mwenye njaa sungura ni kama kunawa mikono tu, lakini ni nyama. Alimla akarudi pangoni. Watoto walipomlamba midomo aliwatapikia, na kitindamimba alimwekea chake mbele ya pua, akaonja. Kisha Nyamizi alifanya jambo ambalo hakuna mbwa mwitu aliyewahi kulifanya. Alibakiza sehemu tumboni, akaenda nayo mpaka kivulini kwa mzee, akainamisha kichwa na kuiweka mbele yake, kama anavyowekewa mtoto.

Mzee Nkwabi aliona aibu. Mtu mzima, Mtangulizi, kulishwa kwa tumbo la mtu? Lakini Nyamizi hakumtazama. Aligeuza uso, kama mkwe ageuzavyo uso mbele ya baba mkwe anayekula, akabaki akitazama miti.

"Ni kidogo, Mzee," alisema akiwa bado amempa kisogo. "Ila hii ni zamu yako. Nimeileta leo, sikungoja kesho."

Alisikia nyuma yake mzee akila polepole, kwa meno yasiyokuwapo. Hakugeuka mpaka ilipokwisha.

Alfajiri ya kura ikafika. Kundi likakusanyika penye kichuguu kirefu, majivu yakiinuka chini ya nyayo. Nkwabi alipanda taratibu, akateleza, Mhoja akamsukuma kwa nyuma, akafika. Mhoja akatangaza kama kawaida: anayemtaka Mzee, aweke kidevu chini. Na anayejiona ana akili kuliko wazee wake, na asimame tumwone.

Nyamizi alikuwa ameapa usiku kucha kwamba atasimama. Alimwapia Mungu, akawaapia watoto. Lakini ulipofika wakati alitupa jicho pembeni, jirani akamtupia jicho, na magoti yale yale ya miaka yote yakamsaliti. Alijikuta chini. Kidevu kikagusa majivu. Kulia kwake Kabula naye alikuwa chini. Nyamizi alitaka kusema moyoni maneno yake ya kila mwaka, kwamba hiki ni cha mguu wangu, na safari hii maneno hayakutoka. Kilichomjia ni kitindamimba amejikunja pangoni. Aibu ikampanda kifuani, ikapanda shingoni, na alipovuta pumzi ili aimeze, akavuta pamoja nayo majivu ya pori zima. Pua ikawasha. Akavumilia, kama walivyovumilia mbwa mwitu wote tangu kuumbwa. Ikawasha zaidi. Macho yakafumba yenyewe, kichwa kikarudi nyuma, na pale pale penye kimya cha kura ikatoka chafya, ya kwanza kusikika kwa mbwa mwitu tangu dunia iwe dunia.

Kundi likashtuka. Mhoja akaruka. "Nani huyo?"

Hakuna aliyejua. Videvu vyote vilikuwa chini, hakuna aliyesimama. Na kabla Mhoja hajamaliza kutazama, chafya nyingine ikatoka upande wa pili, nyembamba. Ilikuwa ya Kabula, lakini hilo nalo hakuna aliyelijua. Ikafuata ya tatu, nzito, kutoka kwa yule aliyefiwa na baba. Maana yaliyomo kifuani mwa Nyamizi yalikuwamo vifuani mwa wote, na majivu yalikuwa ya wote. Chafya zikawapitia kama moto kwenye nyasi, huyu anapiga, yule anapokea, na kila anayepiga anafumba macho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwona mwenzake wala kutupa jicho pembeni.

"Kimya!" akasema Mhoja. "Kura ni kidevu, si pua."

"Kidevu changu kipo chini, Mhoja," ikajibu sauti moja ya kizee katikati ya kundi. "Habari za pua muulize aliyeiumba."

Hapo kicheko kikapasuka, na pamoja na kicheko chafya zikazidi, mpaka majivu yakainuka yakawafunika. Mhoja akaona hana la kufanya nao, akamgeukia mjomba wake juu. Akamwambia asijali kelele za pua, ahesabu videvu. Vyote viko chini, hakuna hata mmoja aliyesimama, ameshinda kama mwaka jana, na mwaka juzi, na siku zote.

Na ilikuwa kweli. Kwa sheria yao, Mzee Nkwabi alikuwa ameshinda. Angeweza kuwaita wainuke na kuwapeleka tena kwenye bonde lake la mavumbi, nao wangemfuata. Nyamizi alifumbua macho, akamwona pale juu, mwembamba, mbavu zinahesabika, anawatazama watu wake waliomlalia.

Basi mzee akafanya kile ambacho hakuna Mtangulizi aliyewahi kukifanya juu ya kichuguu. Alikunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akajilaza mbele yao wote, akaweka kidevu chake mavumbini. Akavuta pumzi kwa nguvu, akatafuta. Pua ile iliyokuwa imekufa kwa swala haikuwa imekufa kwa ukweli. Ikatoka chafya kubwa hata yeye mwenyewe akarudi nyuma na udongo wa kichuguu ukamomonyoka.

"Kidevu ni mwongo," alisema Mzee Nkwabi. "Changu kimedanganya kuliko vyenu. Mtu anaweza kulala kwa uongo, anaweza kusifu kwa uongo, hata kulia analia. Chafya ya uongo sijaisikia." Kisha akageuza sikio lake zima. "Kabula yuko wapi?"

"Niko hapa, Mzee."

"Swala wako upande gani?"

"Ng'ambo ya mto, Mzee."

"Basi tangulia."

Akashuka. Alishuka peke yake, bila kushikwa wala kusukumwa, na wanaosimulia husema miaka ilionekana ikimdondoka njiani, akafika chini mwepesi kuliko alivyopanda. Kundi likainuka kama upepo. Kabula alikuwa mbele, pua juu, wakavuka mchanga mpana wa mto, na walipofika ng'ambo hata waliokuwa na mafua waliipata harufu: nyasi mbichi, maji, na swala wengi kama majani. Kulikuwa na mbio siku hiyo! Miguu iliyokonda ikakumbuka kazi yake. Walikimbia kama ndugu, huyu akichoka anapokea yule, na waliokuwa wakifuata mkia wa mzee kwenye mavumbi wakagundua kwamba bado wanajua kuwinda, kwamba hawakuwahi kusahau. Nyama ikaanguka, ikaanguka tena. Walikula, matumbo yakawa kama ngoma.

Mzee Nkwabi alikuwa amebaki pangoni kulinda watoto. Hakuna aliyemtuma; alikwenda mwenyewe akajilaza mlangoni, mahali alipowahi kuwazuia fisi, na watoto wakacheza na sikio lake lililoziba. Jua lilipoanza kuegemea alihisi ardhi ikitetemeka. Kundi lilikuwa linarudi. Akafumba macho. Alijua mwendo wa watu walioshiba. Ndio mwendo aliokuwa nao yeye siku ile alipopita penye kichuguu kifupi.

Nyamizi, kwa sababu ya mguu, alikuwa wa mwisho kama siku zote, hivyo aliyaona yote kwa nyuma. Alimwona Kabula akifika na kumpita mzee. Akawaona wa pili na wa tatu wakimpita. Wote walimpita, wakikimbilia watoto, na mzee amelala pale, macho yamefumbwa, hatikisiki. Nyamizi alikuwa na zamu ya mzee tumboni mwake, aliibeba kama alivyojiahidi moyoni, lakini ahadi ya mtu mmoja alijua uzito wake. Mtu mmoja anaweza kusema kesho.

Watoto walilamba midomo, wakatapikiwa, wakala wa kwanza kabla ya mkubwa yeyote. Kitindamimba alitoka mlangoni kwa miguu yake, akala mpaka akaanguka chali. Kisha Kabula, Mtangulizi mpya, aligeuka. Alirudi mpaka aliposimama mbele ya Mzee Nkwabi, akainamisha kichwa chake, akaiweka nyama miguuni pake, na akageuza uso pembeni, akatazama miti. Nani alikuwa amemfundisha? Msichana yule siku ile ya sungura alikuwa kichakani, akawaona. Nyuma yake akaja yule aliyefiwa na baba. Wakafuata wengine, wanapanga foleni, mmoja baada ya mwingine wanainama, wanaweka, wanageuza uso, mpaka nyama ikawa kilima kidogo mbele ya mzee. Mhoja alikuja wa mwisho, hatazami mtu. Aliweka fungu kubwa kuliko yote, kwa sababu alikuwa amekula kuliko wote, na kundi likacheka, naye mwisho akacheka.

Mzee Nkwabi alifumbua macho. Hakula kwanza. Alichagua kipande kizuri, akakibeba mdomoni, akatembea taratibu mpaka penye kile kichuguu kifupi kilichomomonyoka, akakiweka pale. Alisimama kidogo. Kisha akarudi mahali pake mlangoni pa watoto, akakaa chini kama mtu aliyefika nyumbani, akala zamu yake. Sauti zao za furaha jioni ile, zile zinazolialia kama ndege, zilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Na tangu siku hiyo mbwa mwitu hawapigi kura kwa videvu. Huamka alfajiri wakapiga chafya, macho yamefumbwa, na zikitosha huinuka kwa pamoja. Mkubwa wao akipiga ya kwake, hazihitajiki nyingi. Tangu siku hiyo watoto wao hula kwanza, na mzee, kilema na aliyebaki kulinda pango huletewa nyama tumboni mwa wenzao. Hakuna Mtangulizi wao anayeng'ang'ania kichuguu, kwa sababu chini pia kuna chakula.

Sisi wanadamu bado tuna videvu vyetu mavumbini, kila mmoja na sababu yake nzuri, na wapo wazee wetu walio juu wasiojua washukie wapi. Lakini pua tunazo, Mungu hakutunyima. Atakayepita porini alfajiri, kiangazi kikielekea mwisho, na asimame asikilize: atasikia moja, kisha ya pili, kisha ile nzito ya mzee, na mara ardhi itatetemeka kwa miguu inayokwenda ng'ambo ya mto.